Shangazi, watoto wa mtaa wamehamia kibarazani kwangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka sita, wa kike mitatu na nusu. Tunaishi Pasua, Moshi, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili yenye kibaraza kizuri cha mbele, na hicho kibaraza ndicho kilichoniletea haya yote. Ni fundi cherehani. Mashine yangu inakaa hapo hapo karibu na mlango, kwa hiyo nikishona nawaona watoto, nao wakicheza wananiona.

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa mwezi huu niliapa kwamba likizo hii wanangu hawatashinda kwenye televisheni. Huwa naangalia kwenye simu akina mama wa Ulaya na Marekani wakifanya michezo ya kiangazi na watoto wao: samaki wa karatasi, kasri za mchanga, barafu za kuchorea. Vizuri hivyo mpaka unatamani uzaliwe upya. Nikajiambia, vuli zimekatika, jua la Moshi limeanza kuwaka, kiangazi na sisi tunacho. Nikanunua rangi za maji, manila, gundi na sahani za karatasi.

Siku ya kwanza tulitengeneza matikiti maji kwa zile sahani, nyekundu katikati, kijani pembeni. Siku ya pili tukafanya bahari ya kwenye chupa: maji ya bluu, juu yake mafuta ya kupikia, ukiilaza chupa wimbi linatembea polepole. Mwanangu aliishika kama nusu saa, halafu akaniuliza, "Mama, kwani bahari ina mafuta?" Nikamwambia haina. "Ni kubwa kuliko bwawa la Nyumba ya Mungu?" Nikamwambia ni kubwa sana. Hakuniamini.

Siku ya tatu ilikuwa barafu za rangi. Niligandisha maji ya rangi ya keki kwenye friza ya jirani, nikachomeka vijiti, ili watoto wachoree kwenye karatasi barafu ikiyeyuka. Kwenye simu watoto wanachora kweli. Wa kwangu walizilamba zote. Mtoto wa jirani akanirudishia kijiti kitupu, ulimi wa kijani, akaniambia, "Mama, hii barafu umesahau sukari."

Nasema mtoto wa jirani kwa sababu siku hiyo walishakuwa watano. Wiki iliyofuata walikuwa tisa. Leo ninapokuandikia ni kumi na watatu, na wengine mama zao siwajui hata majina. Wanaletwa saa mbili asubuhi wameoga na kupakwa mafuta, wanaambiwa "kaa hapa mpaka nirudi sokoni". Hakuna anayekuja hata na karatasi moja, wakati wanne kati ya hao mama niko nao kwenye upatu na wanajua hali yangu. Ikifika saa sita wana njaa, inabidi niinjike sufuria kubwa la uji. Nimepiga hesabu nimeshatumia shilingi 47,000 za kushona. Mmoja badala ya kunishukuru aliniletea gauni la mtoto lina doa la rangi, akaniuliza nitamlipaje.

Na Shangazi, Desemba ndio mwezi wa fundi. Kila mtu anataka nguo ya Krismasi. Nimechelewesha magauni matatu. Mteja mmoja alikuja akachukua kitambaa chake kikiwa kimeshakatwa, akapeleka kwa fundi mwingine. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno mbele ya mteja. Usiku ndipo akaniambia, "Umekuwa yaya wa bure wa mtaa mzima."

Lililonimaliza ni la Jumanne. Niliwapa watoto maharage, mahindi na choroko wabandike kwenye vipande vya boksi. Nikainama kidogo kuingiza uzi kwenye sindano ya mashine. Mtoto wa miaka mitatu akasukuma haragwe puani. Alipoanza kulia nikajaribu kulitoa kwa kidole, likazidi kuingia. Tukakimbilia zahanati, nesi akalitoa dakika mbili tu. Lakini mama yake alipofika alinisema barabarani watu wakisikia, kwamba nafanyia majaribio watoto wa wenzangu, tena mtu mwenyewe sina hata cheti.

Hiyo ya cheti ilinichoma. Nilisoma ualimu wa awali mwaka mmoja, baba akafariki, ada ikakatika, nikarudi nyumbani nikajifunza cherehani. Hapa mtaani hakuna anayejua ila mume wangu.

Sasa mama mkwe yuko Kibosho, huku juu kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Anataka wajukuu wapande Jumamosi hii wakae huko mpaka shule zifunguliwe, wasingoje sisi tupande Krismasi. Mume amekubali. Moyo wangu unakataa. Kule hakuna rangi wala karatasi, ni kukata majani ya ng'ombe na kukimbia migombani. Mwaka jana wa kiume alirudi na mafua, funza mmoja kidoleni, na mpira wa magome ya mgomba aliolala nao mwezi mzima. Naona watapoteza likizo.

Nifanye nini? Nifunge kibaraza, majirani wanichukie? Nianze kuwatoza, hata elfu moja kwa siku? Au wangu waende Kibosho, mimi nibaki nashona? Nikifikiria hiyo mashine na kibaraza kitupu, machozi yananitoka.

Mama wa Kibarazani, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka ile barafu isiyo na sukari nikapitwa na mengine yote. Mara ya pili sikucheka.

Unaniuliza uchague moja kati ya matatu: kufunga, kutoza, au kuwapandisha watoto Kibosho. Mimi nikisoma naona mambo zaidi ya hayo yamekunjwa kwenye kitambaa kimoja. Kuna kazi yako inayochelewa mwezi ambao haupaswi kuchelewa. Kuna majirani wanaokuachia watoto kama wanaacha mwavuli. Kuna bibi na wajukuu. Na chini kabisa kuna mwaka mmoja wa ualimu ambao umeuficha hata kwa wanawake mnaocheza nao upatu. Nitayagusa bila mpangilio, unisamehe, ndivyo ninavyofikiri.

Niruhusu nianze na haragwe, maana naona unalala nalo. Mtoto wa miaka mitatu anaijua dunia kwa matundu: pua, sikio, mdomo, tundu la ufunguo. Haragwe lingeweza kuingia puani mama yake akiwa anachambua jikoni kwake, na wewe ungesikia habari tu. Kukimbilia zahanati ulifanya vyema, kwa sababu haragwe likipata unyevu linavimba na kila saa inayopita linabana zaidi. Kidole ndicho kilichokosea. Kuna njia ambayo wahudumu wa afya huwafundisha wazazi: mzazi anaziba tundu la pua lililo wazi, anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, anapuliza mara moja kwa ghafla. Mara nyingi kitu kinatoka chenyewe. Kikikataa, usirudie rudie, nendeni. Na kama ni ile betri ndogo ya mviringo ya saa au ya rimoti, hapo hakuna kupuliza wala kungoja daladala ijae, inaunguza nyama ndani ya saa chache.

Kipimo changu kwa watoto wadogo ni kile kiviringo cha boksi kinachobaki karatasi ya msalani ikiisha. Kitu chochote kinachopita humo ndani hakikai mkononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na wa mitatu anakishika ukiwa umekaa naye. Wa sita mpe choroko zake.

Na kwa kuwa unapenda kazi za mbegu, angalia na uzio wa nyumba za jirani. Huku kwetu watu wamepanda mbono kaburi kama ua. Mbegu zake zina ladha nzuri mdomoni, na mtoto akila kadhaa atatapika mpaka muite gari. Nyonyo nayo ni sumu hivyo hivyo, pamoja na uzuri wa madoa yake. Mnyaa ukivunjika unatoa maziwa yanayounguza macho. Hayo yatafute kabla watoto hawajayatafuta. Ndoo ya maji nayo, baada ya mchezo, imwagwe au ifunikwe. Maji ya kufika magotini yanatosha kummaliza mtoto anayeingia kichwa chini.

Yule mama aliyekusema barabarani alikosea namna, na alikosea mahali. Ila jiulize polepole, ukiwa umekaa na chai: ndani ya maneno yake machafu kulikuwa na kitu cha kweli? Mimi sisemi cheti. Mwenye cheti naye haragwe lingempita. Nasema watoto kumi na watatu, wakubwa kwa wadogo, macho mawili, na hayo macho mawili yanatafuta tundu la sindano. Hapo hata mimi niliyelea wajukuu saba nisingeweza. Huenda alikuwa anatetemeka kwa hofu, na hofu ya mama ikishindwa pa kwenda inakuwa matusi. Wachaga wana jani la sale, mtu aliyekosa anakwenda nalo kwa mwenzake na yule anajua amekuja kwa lipi. Kati yenu wawili sijui nani angepaswa kulishika. Labda kila mmoja awe na lake.

Sasa mumeo. Neno "yaya wa bure" linauma, na kama hujamwambia kwamba linauma, mwambie. Lakini angalia lilitoka lini. Hakulisema siku ya matikiti maji. Hakulisema siku ya barafu, wala watoto walipofika tisa. Alilisema usiku wa siku ambayo mteja alibeba kitambaa chake. Je, inawezekana anachokiogopa ni yale magauni matatu, na wewe umesikia kwamba anadharau michezo ya watoto? Simjui mumeo, wewe ndiye unayemjua. Ila yeye ndiye mtu pekee hapo mtaani anayejua kuhusu ule mwaka wako wa chuo, na kwa miaka yote hajamwambia mtu. Hilo nimeliona.

Tuje kwenye simu. Wale akina mama unaowaangalia wanarekodi mwezi wa sita mpaka wa nane. Kwao watoto wametoka kwenye baridi iliyowafungia ndani miezi mingi, kwa hiyo jua na mchanga ni sikukuu. Mwezi huo wa sita, wewe Pasua unawavalisha wanao sweta, na sisi huku Arusha tunavaa mbili. Kiangazi chao kina bahari kwa sababu likizo yao wengi wanaikimbizia baharini. Cha kwako kina nini? Siulizi kukudharau. Bahari ya kwenye chupa ni kitu kizuri, mtoto aliyeishika nusu saa na kuuliza maswali mawili kama yale hakupoteza siku. Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Chupa, nusu saa. Mpira wa magome, mwezi mzima. Wewe umeuandika kwenye mstari mmoja na funza.

Kuna siri moja ya kiangazi cha Moshi ambayo kwenye zile video hutaikuta. Msimamishe mwanao uani asubuhi, mwenzake achore kivuli chake ardhini kwa mkaa au kwa kijiti. Warudie saa sita na nusu hivi, hapo ndipo jua linapofika juu kabisa kwenu. Mwezi huu wa kumi na mbili jua limeegemea kusini, kwa hiyo kivuli cha mchana kinaelekea kaskazini, yaani kinauelekea mlima moja kwa moja. Nacho ni kifupi: mtoto wa mita moja kivuli chake hakifiki sentimita 40. Mrudie mwezi wa sita mkivaa sweta, mtakuta kimegeuka kinatazama kusini. Mchezo huo ni wa bure, na mtoto wa miaka sita atakuuliza maswali mpaka ukimbie.

Halafu nikuulize jambo la kifundi. Chini ya mashine yako kuna nini? Mimi sijawahi kuona fundi asiye na gunia la vipande. Vitenge, satini, lesi za mabibi harusi, pindo za suruali. Umetoa pesa dukani kununua rangi, na rangi umezikalia! Uji mzito wa unga wa ngano ndiyo gundi, boksi la dukani ndiyo karatasi, watoto wanabandika jua la kitenge na mlima wa satini nyeupe kileleni. Hakuna doa la kulipwa. Anayekaribia miaka sita mpe sindano butu ya kushonea magunia, uzi wa sufu na kipande cha gunia lenyewe, akae karibu nawe ashone unaposhona.

Kama mnataka kugonga mihuri, kata kikonyo cha jani la mgomba. Kimejaa vyumba vyumba kama sega la nyuki, ukikichovya kwenye rangi na kukigandamiza kwenye karatasi kinatoa chapa nzuri kuliko ya dukani. Bamia iliyokatwa inatoa ua la pembe tano. Ila utomvu wa mgomba unajua wenyewe, ukishaingia kwenye nguo hautoki, kwa hiyo siku hiyo wavae matambara. Udongo wa kuchezea ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji unayoyaongeza kidogo kidogo mpaka usishike mikono. Bizari ikiingia unakuwa njano. Jua la Moshi litaukausha kwa siku mbili tatu. Waangalie wadogo wasiule, ile chumvi ni nyingi. Na yale maganda marefu ya mkrismasi, ule wenye maua mekundu, yakikauka ukiyatikisa yanalia kama kayamba. Nimepotea njia, nirudi.

Kibosho. Unasema kule watapoteza likizo. Mtoto anayefundishwa na bibi kuviringisha magome makavu ya mgomba na kuyafunga kwa kamba ya mgomba huo huo mpaka yadunde, anafanya kazi ya mikono au anapoteza muda? Ungeiona hiyo kwenye simu, mwanamke wa Ulaya akiifanya na mwanawe, ungeihifadhi. Na kile kibishi chako kinachokataa kwamba bahari ni kubwa, kule ndiko kwenye jibu lake. Mwambie atengeneze mtumbwi wa gome la mgomba, auweke kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga, bibi akiwa amesimama pale. Maji ya ule mlima yanashuka, mengi yanaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa inamwaga bwawa la Nyumba ya Mungu, kutoka hapo ni mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Mtumbwi wake utakwama kwenye shamba la kahawa la jirani, hilo tunajua. Yeye asijue.

Lakini usinisikie kana kwamba nasema wapeleke. Kuna mambo ya kuuliza ambayo barua yako haikuniambia. Mama mkwe ana nguvu kiasi gani mwaka huu? Yuko peke yake au kuna shangazi mtu, kuna binti? Mfongo uko mbali na mlango au mtoto wa miaka mitatu na nusu anaufikia kwa mbio moja? Huyo wa kike alishawahi kulala usiku bila wewe? Mwezi mzima ni mrefu kwa mtoto ambaye bado anahesabu siku kwa kulala na kuamka. Unaweza kumpandisha wa kiume peke yake, ila wengine hapo wanaona wamefukuzwa nyumbani kwa sababu mdogo kabaki na mama. Unaweza kupanda nao Jumamosi, ukalala usiku mmoja, ukaangalia, ukashuka nao au ukashuka peke yako Jumapili. Hiyo itakula siku mbili za mashine, na magauni yapo. Unaweza pia kumwomba bibi asubiri wiki moja. Atasema nini? Wakwe wengine wanasikia "subiri" kama "sitaki", na hapo ni mumeo anayepaswa kulibeba neno, maana ndiye aliyekubali bila wewe. Na funza anatibika. Viatu na jicho la kila jioni kwenye vidole vinatosha.

Kibaraza sasa. Ukikifunga kesho kabisa, utapata mashine yako, na baadhi ya majirani watanuna. Je, watanuna mpaka lini? Wengine nadhani mpaka shule zifunguliwe. Lakini umesema kibaraza kitupu kinakutoa machozi, kwa hiyo huo ukimya nao una bei yake.

Ukitoza elfu moja, jambo linabadilika jina. Leo wewe ni jirani mwenye moyo, kesho ni mtu anayelipwa, na haragwe linalofuata halitakuwa ajali ya mtaani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na njia yake inapita kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu. Siku kumi za likizo na kituo ni vitu viwili, najua, ila mtu mwenye hasira hatofautishi. Kabla hujapokea noti ya kwanza ningependa uende ofisini kwake umuulize tu: nikitaka kufanya hivi, natakiwa niwe na nini? Kuuliza hakuna ada. Na ukumbuke kuna watakaoshindwa hiyo elfu, na wanaoshindwa ndio huenda wanakihitaji zaidi kibaraza.

Kati ya kufunga na kutoza kuna vichochoro vingi. Wale wanne wa upatu wako wanajua kuhesabu zamu, si ndiyo mchezo wenyewe? Mmoja akikaa nawe Jumanne, mwingine Alhamisi, kuanzia saa tatu mpaka saa tano na nusu, kabla njaa haijaingia, wewe unapata macho manne. Kila mtoto aje na kikombe cha unga au boksi tupu, na nguo ya kuchafua. Walio chini ya miaka minne waje na mtu wao. Hayo yanasemeka. Tatizo ni kwamba yanahitaji mdomo wa kuyasema, na barua yako yote, mwanangu, sijaona mahali ulipomwambia mtu yeyote "hapana" au hata "leta". Umepika uji ukanyamaza, umetoa pesa ukanyamaza, umeletewa gauni lenye doa ukanyamaza. Unaogopa wakikujua una mipaka hawatakupenda? Au unaogopa kwamba watoto wasipokuja, hakutakuwa tena na sababu ya kukuita mwalimu, hata kama hakuna aliyekuita?

Swali hilo la mwisho ni zito, usinijibu kwa haraka. Ninaliuliza kwa sababu nimeona ulivyoipanga ile wiki: siku ya kwanza rangi, ya pili maji, ya tatu barafu, kisha mbegu. Ule ni mpango wa kazi wa mwalimu. Huyo binti wa mwaka mmoja chuoni hajalala. Inawezekana anataka kurudi chuo, na hapo kuna ada, kuna muda, kuna watoto wawili wadogo na mume ambaye itabidi azungumze naye kwa kalamu na daftari. Inawezekana anataka kituo kidogo chenye jina na usajili. Inawezekana pia anataka asubuhi mbili tu kwa wiki wakati wa likizo, na siku zilizobaki awe fundi mzuri, na hilo halina aibu. Lakini ukimlisha kwa siri, kwa pesa za magauni ya wateja, atazidi kukugombanisha na mashine.

Krismasi haiko mbali, na kuna wateja wawili bado wanakusubiri. Jioni ya leo, watoto wakilala, mwambie mumeo kuhusu ile sentensi ya cheti. Nadhani hukumwambia yote.

Na ule mpira wa magome, uko wapi sasa? Umtafutie mtoto kabla ya Jumamosi, bibi yake atauulizia.